Mwenye Stempu Apite, Jirani Asimame Nje

Katika vitongoji vya Marekani yamezagaa maoni ambayo hata watu wenye busara huyarudia bila kuyachungulia ndani. Yanamhusu mtu wa kujitolea anayezunguka mtaani na mfuko wa majarida ya chama cha wakazi, akiacha nakala moja nyumba baada ya nyumba. Mtu huyu, wanasema, huenda ana nia njema, lakini adabu hana. Hakualikwa. Karatasi yake haikuombwa. Sanduku la barua analolifungua si lake, na sheria imemkataza. Akiiacha karatasi kitasani, anawaonyesha wezi kwamba wenyewe hawapo. Akiiacha barazani, upepo unaipeperusha na kuifanya taka. Akitaka kutangaza habari za mtaa, basi anunue stempu kama wengine, au aziweke mtandaoni, na mwenye kuzihitaji atazifuata huko.

Hoja hizi si za kipuuzi, na anayezibeza hatazijibu. Mtu aliyerudi kazini amechoka ana haki ya kutosumbuliwa na kila mwenye jambo lake. Barua huibiwa, na kadiri mikono inayoingia sandukuni inavyozidi, ndivyo inavyokuwa vigumu kumjua mwizi. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ambaye barua zake huzifuata posta kwenye S.L.P. yenye ufunguo, ugomvi wenyewe waweza kuonekana wa watu waliokosa la kugombania. Lakini ndani ya vitongoji hivyohivyo, kuanzia Texas hadi Ohio, leo wanaishi wazungumzaji wengi wa Kiswahili, na swali lililo chini ya ugomvi huu linawahusu wao pia: nani anaruhusiwa kumfikishia habari mtu asiyemjua, na kwa masharti gani? Ukiyafuata maoni haya hoja kwa hoja, jibu lake ni moja tu: anaruhusiwa anayelipa. Mengine yote ni mapambo.

1. "Sanduku ni langu"

Tuanze na sanduku lenyewe. Mwenye nyumba hulinunua kwa pesa zake, huchimba shimo la nguzo, hulipaka rangi, na gari la kuondoa theluji likiligonga hulisimamisha upya. Umiliki wake unaishia hapo. Posta ya Marekani ndiyo inayotaka kitako cha sanduku la kando ya barabara kiwe kati ya sentimita 104 na 114 kutoka usawa wa njia, mlango wake urudi nyuma sentimita 15 hadi 20 kutoka ukingoni, na ubavuni kuwe na kibendera cha kuinuliwa pale mwenye nyumba anapokuwa na barua ya kutuma. Tena tangu 1934 sheria ya shirikisho imeharamisha kutia humo vitu kama taarifa za hesabu, matangazo na vipeperushi visivyo na stempu, kwa nia ya kukwepa malipo ya posta, na faini huhesabiwa kwa kila kosa. Sheria hiyo haiulizi kama mwenye nyumba ameridhia. Anaweza kumwambia jirani, "Jarida langu nitilie sandukuni," na ridhaa yake isifue dafu. Kwa hiyo anayesema "sanduku ni langu" amesema kweli kwa upande wa gharama tu; kauli juu ya sanduku hilo aliipoteza kabla hajalinunua. Ajabu ni kwamba hasira yake haimwelekei aliyeichukua kauli hiyo. Inamwelekea jirani mwenye kurasa nne mkononi, ambaye hakuchukua chochote.

Kisha tazama kinachoingia humo kila siku kwa ruhusa kamili. Katika mwaka wa fedha 2023 posta ilipeleka takriban vipande bilioni 59 vya daraja la matangazo, wakati barua za daraja la kwanza zilikuwa takriban bilioni 46. Yaani kilicho kingi sandukuni ni kile ambacho mwenye nyumba hakukiomba. Tangu 2011 posta imekuwa ikiuza huduma iitwayo Every Door Direct Mail: mfanyabiashara huchagua njia za wapeleka barua kwenye ramani, na kila nyumba iliyo kwenye njia hizo hupata karatasi yake, bila yeye kuhitaji kujua jina la mtu hata mmoja. Muuza piza, fundi wa mapaa na dalali wa nyumba huingia hivyo. Linganisha na anachofanya mtu wa kujitolea: naye huchagua barabara, naye hupita kila nyumba, naye hajui majina yote. Tofauti ni kwamba yeye anatembea kwa miguu yake na kesho utakutana naye dukani. Ikiwa kosa ni kuleta kisichoombwa, basi mkosaji mkubwa ni yule anayekileta kwa mabilioni. Ikiwa huyo hana kosa, mdogo wake amekosa nini?

2. "Sheria imekataza, na sheria ina sababu"

Ina sababu, na ni vizuri tuitazame. Mwaka 1934 Bunge la Marekani halikuwa likiwawinda majirani. Lilikuwa likiyawinda makampuni, hasa ya umeme, gesi na maji, yaliyogundua kwamba kuwatuma matarishi wao wenyewe kutia ankara sandukuni ni rahisi kuliko kununua stempu. Posta ilikuwa ikipoteza mapato, na masanduku yalikuwa yakijaa. Sheria ikatungwa, ikaandikwa kwa upana, na upana huo ukamnasa ambaye hakukusudiwa.

Kunaswa kwenyewe kuna kumbukumbu rasmi. Mwaka 1976 mkuu wa posta wa White Plains, jimbo la New York, alikiarifu chama cha wakazi cha Saw Mill Valley kwamba utaratibu wake wa kutia taarifa zisizo na stempu kwenye masanduku ya wakazi ulivunja sheria na ungeweza kuwaletea faini. Mwaka uliofuata baraza la vyama vya wakazi vya Greenburgh, katika Kaunti ya Westchester, lilikwenda mahakamani likidai uhuru wa kusema. Vyama hivyo vilieleza jambo ambalo kila mweka hazina wa chama kidogo analijua: gharama ya posta na ucheleweshaji wake vinawazuia kuzungumza na watu wao. Mahakama ya chini mwishowe iliwakubalia. Tarehe 25 Juni 1981 Mahakama ya Juu ikaibatilisha hukumu hiyo. Jaji William Rehnquist, aliyeandika maoni ya mahakama, alisema sanduku la barua likishaingizwa kwenye mfumo wa posta ni sehemu ya mfumo huo, wala si uwanja wa umma ambapo kila mtu ana haki ya kusimama na kusema. Majaji wawili walipinga, Thurgood Marshall na John Paul Stevens. Stevens aligusa penyewe: sanduku ni mali ya mwenye nyumba, na sheria hii inamnyima hata kile ambacho angependa kukipokea.

Anayeitaja sheria hiyo leo kana kwamba ni amri ya adabu amesahau mambo mawili. La kwanza, sheria haina uchungu na kelele, taka wala usumbufu. Bandika stempu kwenye karatasi ileile, yenye maneno yaleyale, na haramu inageuka halali papo hapo. Faragha ya mwenye nyumba haikuongezeka hata chembe. Kilichoongezeka ni mapato ya posta. Hayo ni makusudi halali ya serikali, lakini yasivishwe joho la staha. La pili, sheria yenyewe ina mlango wa uani. Kanuni za posta zinawaruhusu wachapishaji wa magazeti ambayo kwa kawaida hutumwa kwa posta kuyaacha matoleo ya Jumapili na ya sikukuu kwenye masanduku ya wateja wao wa njia za vijijini, mradi yaondolewe kabla ya siku inayofuata ya barua. Kumbe mkono usio wa mpeleka barua unaweza kuingia sandukuni na mfumo wa posta usianguke. Inategemea mkono wa nani.

Hapa mtetezi wa maoni yale atasema kwamba posta ina viwango nafuu, na vyama vivitumie. Ni kweli, viko, na vyama vingine huvitumia. Lakini nafuu ya nani? Julai 2025 stempu ya kawaida ilipanda hadi senti 78. Mtaa wa nyumba 500 ukitumiwa jarida kwa stempu hiyo, toleo moja ni dola 390, kabla ya karatasi na wino. Hata viwango vya jumla vikishusha hesabu hiyo mara kadhaa, chama kisicho na mapato kitabaki na njia mbili: kipunguze matoleo, au kiuze nafasi za matangazo ili kulipia safari. Njia ya pili ndiyo inayofuatwa mara nyingi, na matokeo yake yanachekesha. Mkazi aliyekerwa na karatasi za biashara amelazimisha jarida la mtaa liwe karatasi ya biashara.

3. "Basi asiache popote"

Mahakama ya mwaka 1981 haikuviambia vyama vinyamaze. Ilisema sanduku si njia pekee. Jarida laweza kuning'inizwa kitasani, kusukumwa chini ya mlango au kupitishwa kwenye tundu la mlangoni, ambalo halimo katika katazo. Uamuzi wote umesimama juu ya dhana kwamba milango hiyo mingine iko wazi. Sasa sikiliza adabu ya vitongoji inavyoifunga mmoja baada ya mwingine. Kitasani hapafai, kwa sababu karatasi inayoning'inia inatangaza kwamba nyumba haina mtu. Chini ya mlango hapafai, kwa sababu imebidi ukanyage baraza. Kwenye majani hapafai, maana ni uchafu. Kugonga hodi ndiko kubaya zaidi: kamera ya mlangoni itakurekodi, na kabla hujafika nyumba ya tatu sura yako imeshasambazwa kwa majirani kwa onyo kwamba kuna mtu asiyejulikana anazunguka. Sheria ilifunga dirisha moja na kuelekeza watu kwenye mlango. Adabu ikaja ikafunga mlango, kisha ikauliza kwa nini hawa watu hawatumii njia za kawaida.

Hii si hoja mpya, na imewahi kujibiwa. Mji wa Struthers, Ohio, ulikuwa na amri iliyokataza kugonga mlango au kupiga kengele ili kugawa vipeperushi. Sababu yake ilikuwa nzito kuliko nyingi za leo: wakazi wengi walifanya kazi viwandani usiku na kulala mchana, na kengele iliwaamsha. Mwaka 1943 Mahakama ya Juu iliibatilisha amri hiyo katika kesi ya mwanamke wa Mashahidi wa Yehova. Sababu ya mahakama haikuwa kwamba usingizi wa mfanyakazi si kitu. Ni kwamba uamuzi wa nani abishe hodi ni wa mwenye nyumba, na mji hauwezi kuuchukua kutoka mkononi mwake na kuwajibia wote. Anayetaka kulala abandike tangazo mlangoni, na mji umwadhibu atakayelipuuza. Ndiyo kanuni iliyo sawa hadi leo. Wanaolalamikia majarida, wakiitisha marufuku ya mtaa mzima kwenye mkutano wa chama, hawatetei haki ya mwenye nyumba kukataa. Wanataka kukataa kwa niaba ya mwenye nyumba wa jirani, ambaye labda angesoma.

Na ikiwa tunazungumza adabu, tuizungumze pande zote mbili. Orodha za adabu ya mlangoni zina wajibu mwingi wa anayekuja na karibu hazina wajibu wa anayeishi hapo. Nchini Uingereza, ambako barua huingia kwa tundu la mlangoni na jirani yeyote aweza kulitumia bila stempu, matundu mengine yamewekwa chini kabisa, karibu na kizingiti, hata anayeleta lazima ainame nyumba mia moja kwa jioni moja. Mengine yana brashi ngumu na kifuniko cha springi kinachobana vidole. Nyuma ya mengine anasubiri mbwa. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba mwenye mbwa anaweza kuwa na hatia mbwa wake akimng'ata mpeleka barua kwenye tundu la mlango, hata kama mwenyewe hakuwa nyumbani. Nchini Marekani mbwa huwashambulia maelfu ya wapeleka barua kila mwaka. Mpeleka barua ana mwajiri, bima na chama cha wafanyakazi. Mtu wa kujitolea ana mfuko wa majarida. Wanaomhimiza asikanyage majani wangemsaidia zaidi kwa kumfunga mbwa.

4. "Ni taka tu"

Hoja ya taka ingekuwa na nguvu kama ingepima kabla ya kuhukumu. Jarida la mtaa hutoka mara moja kwa mwezi, au mara nne kwa mwaka, kurasa nne au nane. Lina tarehe ya kikao cha kujadili jengo jipya, barabara itakayofungwa, siku ya kukusanya matawi yaliyokatwa, namba ya kupiga taa ya barabarani ikizimika. Vitu hivi havipendezi kusoma mpaka siku vinapokuhusu. Ndani ya kipindi hichohicho, sanduku hilohilo limepokea katalogi, kuponi, na bahasha zilizochapwa ili zifanane na barua za serikali. Mkazi amechoka, na uchovu wake ni wa haki. Lakini anaumalizia kwa aliye karibu na mkono wake, kwa kuwa aliye mbali hana mlango wa kugongewa.

Wapo watu walioweza kutofautisha. Nchini Uholanzi, kwa miaka mingi, wakazi wamebandika vibandiko vya aina mbili kwenye masanduku yao. Kimoja husema hapana kwa matangazo na hapana kwa magazeti ya bure ya mtaa. Kingine husema hapana kwa matangazo, ndiyo kwa magazeti ya mtaa. Kibandiko hicho cha pili kinaonyesha kwamba mtu wa kawaida, akipewa nafasi ya kusema, anajua tofauti kati ya anayemuuzia na anayemwarifu. Mwaka 2018 Amsterdam ikasogea mbele: matangazo yasiingie kabisa ila kwa mwenye kibandiko cha ndiyo. Wachapaji wa matangazo walishtaki hadi Mahakama ya Juu ya Uholanzi, ambayo mwaka 2021 iliupa mji ushindi. Huko mzigo wa kuomba ruhusa umewekwa juu ya mfanyabiashara. Maoni tunayoyajadili yanaugeuza mzigo huo kichwa chini: mfanyabiashara apite, jirani aombe ruhusa.

5. "Aweke mtandaoni, anayetaka atafuata"

Hii ndiyo hoja inayotolewa mwisho, kwa sauti ya mtu anayedhani amemaliza mjadala. Mtandao hautoi taka, haufungui sanduku la mtu, hauamshi mbwa. Gharama zake hazionekani kwa macho, na hapo ndipo zilipo kubwa. Kwanza, mtandao wa majirani si uwanja wa bure. Nextdoor, uliozinduliwa mwaka 2011 kwa ajili ya kuwaunganisha majirani, ni kampuni ya biashara inayopata pesa kwa matangazo. Aliyekimbia karatasi ya muuza mapaa atamkuta ndani, tena safari hii akijua anakoishi na anachosoma. Pili, uwanja huo una tabia zake. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilibadilisha fomu yake ya kuripoti uhalifu baada ya malalamiko kutoka Oakland kwamba watu weusi walikuwa wakitajwa kuwa wa kutiliwa shaka kwa kupita tu njiani. Jarida la mtaa lina mhariri, lina jina la chama, na kosa lake hukaa kwenye karatasi ambapo laweza kusahihishwa toleo lijalo. Uvumi wa kikundi cha mtandaoni hauna wa kumuuliza.

Gharama ya tatu ndiyo nzito. Mtandao humjibu anayejua la kuuliza. Mzee asiyetumia simu janja hamo kikundini. Mpangaji aliyehamia mwezi uliopita hajui kama kikundi kipo. Familia ya Kikongo iliyoletwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, hadi mji wa Marekani, inayozungumza Kiswahili nyumbani na inayojifunza taratibu za pale siku hadi siku, haitaalikwa kwenye kikundi ambacho kiingilio chake ni kujuana. Karatasi iliyoachwa kila mlango haichagui. Mtoto wao atawasomea kwamba siku ya taka imebadilika, na kwamba kuna kikao ambacho wao nao wanaruhusiwa kuhudhuria. Anayesema "anayetaka atafuata" amewahesabu wanaotaka kwa kuangalia waliokwisha kufuata.

Haya yanatokea wakati vyanzo vingine vinakauka. Tangu 2005 Marekani imepoteza zaidi ya theluthi moja ya magazeti yake, na kaunti zaidi ya 200 hazina chombo hata kimoja cha habari za mahali. Mahali kama hapo jarida la chama cha wakazi, lenye makosa yake ya tahajia na picha zisizoonekana vizuri, ndilo linalosalia kueleza baraza la mji limepitisha nini. Kulifukuza mlangoni kwa jina la adabu ni kuchagua kutojua, kisha kulalamika siku tingatinga linapofika.

6. Pingamizi la mwisho

Itasemwa: mkimfungulia huyu, mtawafungulia wote. Kesho italetwa karatasi ya dhehebu, keshokutwa ya mgombea, mtondo ya tapeli. Hofu hii ingestahili kama kusingekuwa na chombo cha kukataa. Chombo kipo. Mwaka 1970 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Rowan, ilithibitisha haki ya mpokeaji kuiamuru kampuni fulani iache kumtumia matangazo yake. Hakuna mwenye haki ya kumlazimisha mtu kusikiliza ndani ya nyumba yake. Jirani hawezi kudai zaidi ya kampuni, na hapaswi kudai. Tangazo la "hapana" liheshimiwe bila ubishi na bila kuuliza sababu. Jarida liwe na jina la chama na namna ya kujiondoa kwenye ukurasa wa kwanza. Geti lifungwe, njia ya mkato bustanini isitumike, karatasi isukumwe mpaka iingie yote. Mkazi naye aseme hapana yake mwenyewe, kwa mlango wake mwenyewe. Na kwenye masanduku ya barabarani kanuni za posta tayari zinaruhusu kisanduku cha gazeti kwenye nguzo ileile, mradi kisiliguse sanduku la barua wala kuzuia kibendera chake kuonekana. Ni suala la bomba la plastiki na misumari miwili. Chama kinaweza kulifunga kwa kila anayelitaka, na wizi wa barua, mapato ya posta na heshima ya sanduku vikabaki salama.

Ukiona suluhisho rahisi hivyo linapingwa kwa ukali uleule, ujue karatasi haikuwa tatizo. Kinachokera ni kukumbushwa na mtu asiyelipwa kwamba kuna mambo ya pamoja. Tangazo la biashara halimdai msomaji wake kitu zaidi ya pesa. Jarida la mtaa linamdai jioni moja ya Jumanne kwenye ukumbi wa shule, na hilo ni dai ghali zaidi. Mtu ana haki ya kulikataa. Lakini alikatae kwa jina lake: aseme hataki kuhusishwa, abandike tangazo lake, na aendelee na shughuli zake. Asimwite mwenziwe mkosefu wa adabu kwa kufanya bure kile ambacho muuza piza anakifanya kila wiki kwa stempu.